Mashine ni yako, spea ni za nani?

Fundi mmoja wa mashine za boti hapa Malindi kaniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Nasikia kuna ndege ya kivita imetengezwa na nchi nane tisa pamoja, na wengine wanapeana mizinga na risasi kama majirani wanaoazimana chumvi. Sasa mbona kila mmoja asitengeze yake, ama anunue kwa mwenye bei nzuri akaenda zake? Na sisi Kenya 2024 tuliambiwa ni washirika wakubwa wa Marekani nje ya NATO, ule muungano wao wa kijeshi na Ulaya, je na sisi tutatengeza kitu?"

Marahaba mwanangu. Niseme mapema mimi sikuwa mpiganaji, miaka yangu mingi ya kazi nilikaa stoo nikihesabu filta na beringi na mipira ya pampu za vyombo vya baharini, kwa hivo ukiniuliza habari ya silaha mi nitakujibu kwa upande wa spea, na huko ndo maneno yote yaliko. Watu wakiona ndege inapaa wanaona makombora, mtu wa stoo anaona vitu maelfu kwa maelfu ambavyo kimoja kikikosekana hiyo ndege ni banda la kuku.

Anza na kitu unachokijua. Pale pwani chombo ni cha mtu mmoja, mashine ya mwingine, jarife la watatu, na mabaharia wana mikono yao. Samaki wakiuzwa kuna fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, kinachobaki mabaharia wanagawana. Hawakukaa pamoja kwa mapenzi, ni kwa vile hakuna aliye na pesa ya vyote. Na ugomvi wao wewe wajua hutokea wapi, baharini huko wanaelewana vizuri sana, ugomvi ni kwenye mgao, na siku mmoja anapotaka kuuza chombo kwa mtu ambae mwenzake hamtaki. Bas hizo nchi ni vivo hivo, tofauti ni mabilioni.

Kubuni ndege ya kivita gharama yake ni ile ile, utengeze 50 au 500. Nchi moja ya Ulaya ikibeba peke yake kila ndege inatoka na bei ya kutisha, ndo wanatafutana wakusanye oda. Chukua Eurofighter. Miaka ya 80 walikaa watano, Uingereza, Ujerumani, Italia, Hispania na Ufaransa. Ufaransa wakatoka 1985, walitaka ndege nyepesi zaidi inayoweza kutua juu ya manowari ya kubebea ndege na tena walitaka wao ndo wawe nahodha, wenzao wakasema hapana, Ufaransa wakaenda wakatengeza Rafale yao. Waliobaki wakapatana kwamba fungu la kazi viwandani litafuata idadi ya ndege utakazonunua. Mwanzo ilikuwa ndege 765: Uingereza 250, Ujerumani 250, Italia 165, Hispania 100. Vita Baridi vikaisha, Ujerumani ikawa na mzigo wa kuunganisha nchi mbili, ikapunguza oda mpaka 180, lakini fungu la kazi walitaka libaki pale pale! Yani mtu kapunguza nyavu na samaki anawataka wale wale. Wakavutana miaka, mwisho jumla ikashuka 620 na mafungu yakapangwa upya, Uingereza kama asilimia 37, Ujerumani 30, Italia 19, Hispania 14.

Na kwa vile hakuna aliyekubali kiwanda chake kifungwe, ndege hiyo moja ina mahali panne pa kuunganishia, Warton kule Uingereza, Manching Ujerumani, Caselle karibu na Turin, na Getafe karibu na Madrid. Bodi ya katikati inatoka Ujerumani, bawa la kushoto linatoka Italia. Ukiangalia kwa jicho la hesabu ni hasara, ungeweka kiwanda kimoja ukaokoa pesa nyingi tu. Lakini ni bunge gani litapitisha pesa ikiwa kazi zote zinaenda kwa jirani? Hiyo hasara ndo bei ya kukaa pamoja, wanaoicheka sana mara nyingi hawajawahi kugawa hata ndoo ya samaki na watu wanne.

Sasa hii wewe fundi utaipenda. Vita vya pili vya dunia Waingereza walikuwa na injini ya Merlin ya Rolls-Royce, ile ya ndege ya kivita ya Spitfire, wakawa hawawezi kuzitoa za kutosha, kazi wakawapa Waamerika wa kampuni ya Packard. Packard walikuwa watengeza magari, si wageni wa chuma. Michoro ilipofika ikabidi ichorwe upya ndo kiwanda chao kiweze kuisoma, halafu wakafika kwenye bolti. Waingereza walikata meno ya bolti kwa pembe ya digrii 55, mtindo wa Whitworth, Waamerika walikata digrii 60. Nati ya huku haiingii bolti ya kule, ama inaingia raundi mbili inakwama na ukilazimisha umeua vyote viwili, maumivu hayo wayajua kama umewahi kuchanganya nati za mashine ya zamani na za sasa. Packard wakakubali kufuata meno ya Kiingereza, hata vifaa vya kukatia ikabidi wajitengezee wenyewe, wakatoa Merlin zaidi ya 55,000. Vita vilipoisha watu walikuwa wamejifunza, Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada wakasaini mtindo mmoja wa meno, digrii 60. NATO yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa, ilikuja 1949. Waliungana bolti kwanza.

Hapa kwetu fundi wa jahazi wa Matondoni kule Lamu hana mchoro, jahazi liko kichwani mwake na mkononi mwake, ni ujuzi mkubwa, lakini huwezi kuchukua oda yake ukampa fundi wa Unguja akatoa jahazi lile lile mbao kwa mbao. Waamerika walichukua mchoro wa meli uliotoka Sunderland, Uingereza, wakaubadilisha kidogo, mahali pa kupiga ribiti wakachomelea, wakatoa meli za mizigo za Liberty 2,710 ndani ya miaka minne hivi. Kushirikiana kutengeza kitu maana yake kwanza ni kukitoa kichwani mwa mtu kukiweka kwenye karatasi inayosomeka kiwanda kingine.

Na karatasi ninayoiheshimu mimi kuliko zote ni ile namba ya NATO ya spea. Ni tarakimu 13. Nne za kwanza zinasema ni kitu cha aina gani, mbili zinazofuata zinasema ni nchi gani ilikiandikisha, 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 99 Uingereza, na saba za mwisho ni za kitu chenyewe. Utaona ni jambo dogo. Nakwambia niliwahi kuona chombo kimelala gatini miezi, cha nani na bandari gani nitanyamaza, kwa sababu ya sili ya pampu, ile ya kuzuia kuvuja, inayoenea kiganjani. Sili ile ile ilikuwa iko kwenye rafu ya jirani yetu, sema imeandikwa kwa namba ya kiwanda kingine na hakuna aliyejua ni kitu kimoja. Namba ya pamoja inamaliza uchawi huo. Tena inafichua ujanja, manake beringi moja muuzaji mmoja anakuuzia kama ya lori, mwingine anakuuzia kama ya helikopta na bei ni ya helikopta, ukiangalia tarakimu unakuta ni ile ile.

Lakini usidhani karatasi imemaliza kazi. Kuanzia 2022 Ukraine ilipewa mizinga ya milimita 155 kutoka kila upande, M777 za Marekani, PzH 2000 za Ujerumani, CAESAR za Ufaransa, Krab za Poland, zote zinaitwa za kipimo cha NATO. Kweli kombora la huyu linaingia mzinga wa yule. Ila baruti ya kulisukumia, fyuzi zake za kulilipua, hesabu za kompyuta ya kulengea, hapo kila kiwanda kilikuwa na yake, na mchanganyiko mpya unahitaji kupimwa ndo ujue litaangukia wapi. Miaka yote ya amani kila nchi ilikuwa inalinda soko la kiwanda chake kidogo kidogo, na hakuna aliyeona ubaya wake mpaka watu walipohitaji makombora kwa mamia ya maelfu. Muungano wa Ulaya uliahidi Machi 2023 kutoa makombora milioni moja ndani ya mwaka, Machi 2024 ilipofika walikuwa wametoa karibu nusu. Viwanda vilikuwa vimezoea oda za amani, huwezi kukitoa kiwanda usingizini kwa hotuba.

Haya sasa tuje kwenye hilo la "anunue akaende zake". Hakuna kwenda zako. Silaha huinunui ukaimiliki kama unavyomiliki mashine yako, unanunua na ruhusa, na ruhusa ina mwenyewe. Hispania mwaka 2006 ilitaka kuiuzia Venezuela ndege 12 za usafiri na doria, ndege zimetengezwa Hispania na Wahispania, ila ndani mna vifaa vya Kimarekani. Marekani ikakataa kutoa leseni ya vile vifaa, Hispania ikasema itabadilisha itie vya Ulaya, kupiga hesabu bei imepanda, biashara ikafa mwaka ule ule. Uswisi nayo mwaka 2022, Ujerumani inataka kuipa Ukraine vifaru vya Gepard vya kupigia ndege, na risasi zake za milimita 35 zimetengezwa Uswisi. Risasi wameshalipa, ziko ghalani mwao, lakini mkataba unasema huwezi kumpa mwingine bila idhini, na Uswisi haiegemei upande wowote vitani, ikakataa. Ikabidi kampuni ya Rheinmetall ianzishe kutengeza risasi hizo Ujerumani. Na hiyo Eurofighter, Uingereza ilipotaka kuiuzia Saudia zaidi, Ujerumani ilizuia miaka kadhaa mpaka Januari 2024. Mwenye bodi ya katikati kakataa, utauza mabawa?

Ndo hapo Ufaransa na Rafale yake huwa wanacheka pembeni. Walilipa zaidi, walisubiri zaidi, lakini wakipata mteja hawaendi kubisha milango mingi.

Ile ndege yako ya nchi "nane tisa" ni F-35, na umesikia sawa zote mbili, zilikuwa tisa zikabaki nane. Marekani, Uingereza, Italia, Uholanzi, Kanada, Australia, Norway, Denmark na Uturuki. Uturuki ilipanga kununua 100 na viwanda vyake vilikuwa vinatoa spea aina zaidi ya 900 za hiyo ndege, bodi ya katikati ikiwemo. Wakati huo huo wakanunua makombora ya Kirusi ya kulinda anga, S-400. Wamarekani wakasema rada ya Mrusi ikikaa nyumba moja na F-35 itaisoma siri zake zote, Julai 2019 shehena ya kwanza ya S-400 ikashuka Uturuki na mwezi huo huo Uturuki ikatolewa kwenye mradi, marubani waliokuwa mafunzoni wakarudishwa kwao. Lakini angalia utamu wa mambo, spea za Kituruki ziliendelea kuingia kwenye F-35 kwa muda baada ya hapo, manake huwezi kumpata mtu wa kutengeza vitu 900 kwa wiki moja! Mshirika unaweza kumfukuza asubuhi, beringi yake inakaa.

Na hiyo F-35 ina kitu kingine ambacho watu wengi hapa pwani walikiuliza kwa uchungu 2024. Spea zake haziko kwa mtindo wa kila nchi na stoo yake, kuna bwawa moja la pamoja la dunia nzima, kinachotoka kiwandani kinaingia bwawani na anayehitaji anachotewa. Uingereza inatengeza kama asilimia 15 ya kila F-35, upande wa nyuma wa bodi unatoka Samlesbury. Septemba 2024 serikali yao ilisimamisha leseni kama 30 kati ya 350 hivi za kupeleka vifaa vya kijeshi Israel kwa sababu ya vita vya Gaza, lakini spea za F-35 zinazoingia bwawani ikaziacha, hoja yao ni kwamba ukizuia pale unazuia ndege za washirika wote. Uholanzi mahakama ya rufaa ilikuwa imeshaamuru Februari mwaka huo spea zisitoke ghala la Woensdrecht kwenda Israel, serikali yao ikapeleka kesi juu zaidi. Mimi kama mtu wa stoo nawaamini wakisema hawajui beringi ipi inaingia ndege ipi. Lakini bwawa hilo ni wao waliolichimba hivo, na walilichimba kwa sababu ya unafuu, kisha kutojua kukawa ndo jibu la kila swali.

Ya AUKUS, ule mpango wa nyambizi wa Australia, Uingereza na Marekani, nitapita haraka, wengi mwaijua. Australia ilikuwa na mkataba wa 2016 na Ufaransa wa nyambizi 12 za dizeli, Septemba 2021 ikatangaza na Uingereza na Marekani kwamba inataka za nyuklia, Ufaransa ikaita mabalozi wake nyumbani kwa hasira, na Australia ikailipa kampuni ya Naval Group euro milioni 555 za kuvunja mkataba. Ndoa za hivi zina talaka na talaka ina mahari yake.

Sasa turudi nyumbani, manake unaniuliza sisi je. Panda boda mpaka Ngomeni uangalie yale majukwaa baharini. Pale haikuwa silaha, ilikuwa satelaiti, lakini mgao ni ule ule ninaokueleza. Kuanzia 1967 mpaka 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka maji yetu. Roketi ni Scout ya Kimarekani, warushaji ni Waitaliano waliofunzwa na NASA, shirika la anga la Marekani, na mahali ni sisi, manake karibu na ikweta dunia yenyewe inakusaidia kusukuma. Oktoba 1974 ilirushwa Ariel 5, satelaiti ya Mwingereza, juu ya roketi ya Mmarekani, mkono wa Mtaliano, bahari ya Malindi. Na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru kwa vile ilikuwa siku yetu ya Jamhuri. Sisi tulitoa bahari na jina. Na kwenye mgao wa samaki sijawahi kusikia kuna fungu la ufuo.

Ndo nikikujibu la 2024 sitaki nikudanganye. Kuitwa mshirika mkubwa nje ya NATO, na Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, hakuna kifungu kinachowalazimisha Wamarekani kuja kukupigania. Kinachofunguka ni milango, unaweza kuazimwa vifaa kwa ajili ya utafiti wa pamoja, na kampuni zako zinaweza kuomba zabuni za kukarabati vifaa vya jeshi lao vilivyoko nje ya Marekani. Watu wa Lamu wanaona ndege za Wamarekani pale Manda kila siku wanafikiri tayari tumeingia kwenye mradi, bas kukaa jirani na ndege si kuwa na ndege.

Hilo la zabuni za ukarabati ndo ningelikimbilia mimi, na ndo lisilozungumzwa. Sisi si watupu kabisa, Eldoret kuna kiwanda cha risasi tangu miaka ya 90, mitambo ilitoka Ubelgiji, na Ruiru 2021 kikafunguliwa cha bunduki ndogo. Lakini angalia ndege zetu tatu za usafiri za C-27J, zimetoka Italia, injini zake ni Rolls-Royce za kutoka Indianapolis, mapangaboi yake ni ya kampuni ya Kiingereza ya Dowty. Magari ya deraya 118 yakaagizwa Uturuki. Kila kimoja hapo kina mwenye mchoro, mwenye spea na mwenye ruhusa, na ni nchi tofauti tofauti. Ukiwa mnunuzi mdogo huwezi kudai kutengeza bawa, hawatakupa, na wakikupa litakugharimu zaidi ya kulinunua. Unachoweza kudai kabla hujasaini, maana baada ya kusaini hakuna anayepokea simu, ni vitabu vya ufundi vyote, vifaa maalum vya kufungulia, ruhusa ya kufungua injini hapa hapa badala ya kuipakia kwenye kontena, na mafundi wako kumi wakae kiwandani kwao mwaka mzima. Nimeona mikataba yenye sherehe kubwa na ukurasa wa spea ulikuwa mmoja, na huo mmoja umeandikwa "kwa makubaliano ya baadaye".

Kwa hivo tutatengeza kitu? Ndege mimi sitaiona. Kufungua injini, kubadilisha sili, kutengeza vyombo vidogo vya doria, hivo viko ndani ya uwezo wa mikono kama yako, ikiwa aliyeketi kwenye meza ya mkataba anaijua tofauti ya kununua mashine na kununua mashine pamoja na funguo zake.

Nyumbani ninacho kifuko kimoja cha beringi cha zamani, kimechakaa lakini tarakimu zote 13 zasomeka, katikati pana 99. Pita siku yoyote baada ya laasiri nikuonyeshe, na ukiwa na nati iliyokataa kuingia uje nayo.